Tiba ya usemi: Njia ndefu kwa anayetaka kubadili taaluma Thika na Ruiru

HUKU miji ya Thika na Ruiru ikizidi kupanuka kandokando ya barabara kuu inayoiunganisha na Nairobi, ipo huduma moja ya afya ambayo haijapanuka kwa kasi hiyo. Mzazi ambaye mtoto wake amechelewa kusema, au mke ambaye mumewe amepoteza usemi baada ya kupatwa na kiharusi, mara nyingi hulazimika kufunga safari hadi jijini kumtafuta mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha, huduma ambayo wengi huiita tiba ya matamshi.

Ni katika pengo hilo ambapo baadhi ya watu wazima, wenye shahada na ajira tayari, wameanza kujiuliza swali zito: je, inawezekana kuacha kazi na kurudi darasani ili kuisomea taaluma hiyo?

Tuchukue mifano miwili. Wa kwanza ni karani wa benki mjini Thika, mwanamke mwenye umri wa miaka 36, shahada ya biashara na mkopo wa chama cha akiba. Mwanawe wa miaka minne hajaweza kuunganisha maneno matatu. Wa pili ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari mjini Ruiru, ambaye kwa miaka kumi amewaona wanafunzi wenye kigugumizi wakinyamaza darasani ili wasichekwe. Mifano hii ni ya kubuni, lakini msomaji yeyote wa Kiambu hatakosa kumtambua jirani yake ndani yake.

Wote wawili wameambiwa kwamba dawa ya tatizo lao ni kutuma maombi ya shahada ya uzamili. Ushauri huo una ukweli ndani yake, ila ukifuatwa bila uchunguzi unaweza kumgharimu mtu miaka na mali.

Ukubwa wa haja

Kwanza, ifahamike kwamba kazi ya mtaalamu huyu si kumfundisha mtoto kutamka herufi tu. Humhudumia mtoto mwenye usonji asiyetumia maneno, mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye hupaliwa kila anapolishwa, na mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka ambaye sauti yake hubaki ya puani hata baada ya upasuaji. Humhudumia pia mwenye kigugumizi, mwalimu aliyeharibikiwa na sauti, na mgonjwa wa kiharusi anayeyajua maneno yote lakini hayamtoki. Sehemu kubwa ya kazi hospitalini huhusu kumeza, kwa kuwa chakula au maji yakipotea njia na kuingia mapafuni yanaweza kumsababishia mgonjwa nimonia na hata kifo.

Takwimu zinatoa taswira. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru na 251,407 mjini Thika. Tafiti za mataifa mbalimbali zinakadiria kwamba mtu mzima mmoja hivi kati ya kila 100 ana kigugumizi. Kiwango hicho kikitumika kwa wakazi wote wa miji hii miwili, tunapata zaidi ya watu 7,000 wenye kigugumizi pekee. Aidha, takriban theluthi moja ya wanaonusurika kiharusi hupata matatizo ya lugha, na mtoto mmoja hivi kati ya kila 700 duniani huzaliwa akiwa na mdomo au kaakaa lililopasuka.

Sensa hiyo hiyo iliripoti kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wana ulemavu. Hata hivyo, ikumbukwe kwamba hesabu hiyo iliwahusu watu wa umri wa miaka mitano na zaidi. Mtoto wa karani wetu, mwenye miaka minne, hayumo kabisa katika hesabu ya aina hiyo. Huo ndio umri ambao wataalamu husisitiza kwamba mtoto anafaa kuwa amekwisha kuchunguzwa, kuanzia masikio yake hadi uelewa wake wa maneno. Serikali inapopanga huduma kwa kutazama takwimu zinazoanzia miaka mitano, inapanga baada ya wakati ulio bora zaidi kupita.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitambua uzito wa jambo hili lilipozindua mwaka 2017 mpango wake wa kuimarisha huduma za urekebishaji wa afya kufikia mwaka 2030. Makadirio yaliyotolewa baadaye yalionyesha kwamba watu bilioni 2.4 duniani wana hali ambazo zingepata nafuu kwa huduma hizo. Tiba ya usemi ni mojawapo, na katika Afrika Mashariki ndiyo iliyochelewa zaidi kuota mizizi ikilinganishwa na tiba ya viungo.

Uzamili si kitu kimoja

Kosa la kwanza la wanaotaka kubadili taaluma hutokana na neno lenyewe: uzamili. Nchini Marekani, mtu hawezi kupata cheti cha kitaaluma cha tiba ya usemi bila shahada ya uzamili. Shahada ya kwanza humwandaa tu. Kwa sababu hiyo, vyuo vingi vya huko huwapokea watu waliosomea biashara, uanahabari au ualimu, mradi wakamilishe kwanza masomo ya msingi: fonetiki, anatomia ya viungo vya usemi na kusikia, ukuaji wa lugha ya mtoto, utangulizi wa tiba ya masikio, pamoja na takwimu, biolojia, na fizikia au kemia. Ushauri mwingi unaosambaa miongoni mwa vijana wetu umetokana na mfumo huo wa Kimarekani.

Uingereza ina milango miwili. Mtu anaweza kusoma shahada ya kwanza, au akiwa tayari na shahada ya fani nyingine, akasoma uzamili ambao kwa kawaida huchukua miaka miwili. Njia zote mbili humfikisha kwenye daftari moja la usajili. Afrika Kusini, kwa upande wake, huwaandaa wataalamu wake kwa shahada ya kwanza ya miaka minne. Ghana ilichagua njia ya uzamili, na Chuo Kikuu cha Ghana kikaanza mafunzo hayo mwaka 2016.

Katika kanda yetu, mlango wa kwanza ulifunguliwa na Chuo Kikuu cha Makerere mjini Kampala, kilichoanzisha shahada ya kwanza ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008. Kabla ya hapo, Kenya na majirani zake walitegemea wataalamu wachache waliosomea ng'ambo, wageni waliohamia hapa, na wafanyakazi wa kujitolea.

Maana yake ni kwamba karani wetu wa Thika, akielekea Kampala, huenda akalazimika kuanza upya na vijana wa miaka 19 katika shahada ya kwanza, ilhali akielekea Marekani au Uingereza, shahada yake ya biashara inaweza kumfungulia mlango wa uzamili. Kwa mtu wa miaka 36, tofauti hiyo ni kubwa.

Ipo hatari nyingine iliyo karibu zaidi na nyumbani. Vyuo vyetu vina shahada za uzamili katika elimu ya mahitaji maalum, na baadhi ya masomo yake hugusia matatizo ya usemi. Ni shahada zenye heshima na manufaa. Hata hivyo, lengo la shahada ya elimu ni kumtoa mwalimu, mtafiti au msimamizi wa elimu. Anayejiunga nayo akidhani atatoka na ujuzi wa kumchunguza mgonjwa wa kiharusi wodini anaweza kushtuka siku ya mahafali.

Maswali matatu kabla ya kulipa

Kutokana na hayo, mwombaji anafaa kuuliza maswali matatu kabla ya kulipa hata ada ya fomu. La kwanza: kozi hii ina saa ngapi za kuwahudumia wagonjwa halisi? Marekani huhitaji saa 400, ambapo 25 ni za kutazama na 375 ni za kufanya kazi na mgonjwa ana kwa ana. Baada ya hapo mhitimu hufanya kazi chini ya uangalizi kwa muda usiopungua wiki 36 na saa 1,260. Kozi isiyoweza kutaja idadi ya saa zake si kozi ya tiba.

La pili: ni nani atakayemsimamia mwanafunzi katika saa hizo? Daktari wa masikio, pua na koo ni mtu muhimu, na mwalimu wa elimu maalum vilevile, lakini mwanafunzi wa tiba ya usemi anapaswa kusimamiwa na mtaalamu wa tiba ya usemi aliyehitimu.

La tatu: mhitimu atatambuliwa na nani? Wataalamu wa tiba ya viungo nchini walipata sheria yao na baraza lao mwaka 2014. Wenzao wa tiba ya usemi hawakupata sheria ya aina hiyo wakati huo, na ni chama chao cha kitaaluma kilichobeba mzigo wa kulinda viwango. Mwombaji awasiliane na chama hicho na apate jibu kwa maandishi. Ikiwa anakwenda ng'ambo, aulize pia mapema jinsi shahada yake itakavyolinganishwa na za hapa atakaporejea.

Isitoshe, siku hizi kuna vyeti vya wiki sita vinavyouzwa kupitia intaneti kwa jina la tiba ya matamshi. Vinaweza kumwongezea mzazi au mwalimu maarifa, ila havimfanyi mtu kuwa tabibu. Anayevitumia kufungua kliniki katika jumba la maduka anawahatarisha watoto wa wenzake.

Viungo vipo, chungu hakijatengwa

Jambo la kusikitisha ni kwamba ukanda huu hauna upungufu wa taasisi. Barabara ya Thika, iliyozinduliwa rasmi baada ya upanuzi mwaka 2012, ina urefu wa takriban kilomita 50, na kandokando yake kuna karibu kila kitu kinachohitajika kumwandaa mtaalamu. Kasarani kuna Taasisi ya Elimu Maalum nchini (KISE), iliyoanzishwa mwaka 1986. Kahawa kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilichopata hadhi kamili mwaka 1985, chenye idara ya elimu ya mahitaji maalum, walimu wa isimu na shule ya udaktari, na si mbali na hapo ipo hospitali kuu ya rufaa inayobeba jina la chuo hicho. Juja kuna Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, chenye kitivo chake cha sayansi za afya. Thika kuna Chuo Kikuu cha Mount Kenya, kilichotunukiwa hati mwaka 2011, pamoja na hospitali ya Level 5.

Mji wa Thika una historia ndefu ya elimu maalum pia. Shule ya vipofu ya Thika ilianzishwa na Salvation Army mwaka 1946, na shule za Joytown zimewalea watoto wengi wenye ulemavu wa viungo, wakiwemo wenye mtindio wa ubongo. Vituo vya serikali vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalum vilianza nchini mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark.

Isimu iko kwenye kitivo kimoja, anatomia kwenye kingine, wagonjwa wako hospitalini na watoto wako shuleni. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuviunganisha, ili mwalimu wa Ruiru au karani wa Thika aweze kuingia akiwa na shahada yake ya awali na kutoka akiwa tabibu.

Faili la mwombaji

Kwa anayeamua kutuma maombi ng'ambo, kazi huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi kati ya Desemba na Februari kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba. Ukijumlisha muda wa kupata nakala za matokeo kutoka chuo cha zamani, kufanyiwa tathmini ya shahada, kufanya mtihani wa Kiingereza na kukamilisha masomo ya msingi, mtu anahitaji mwaka mmoja na nusu au zaidi.

Kikwazo cha kwanza ni barua za mapendekezo. Mhadhiri aliyemfundisha karani wetu uhasibu miaka 13 iliyopita hamkumbuki, na hata akimkumbuka hana la kusema kuhusu uwezo wake katika fonetiki. Suluhisho ni kusoma upya somo moja au mawili ya msingi, katika chuo kinachotambuliwa, na kufanya vyema. Hapo anapata mambo mawili kwa mpigo: alama mpya zinazofunika zile za ujanani, na mhadhiri anayemfahamu leo.

Kikwazo cha pili ni barua ya kujieleza. Wengi huandika kwamba wanapenda watoto na wanataka kusaidia jamii. Hakuna mwombaji asiyeandika hivyo. Wanaosoma barua hizo hutafuta ushahidi kwamba mtu anaijua kazi anayoiomba: ameiona ikifanywa, anafahamu kwamba mgonjwa anaweza kukaa miezi mitatu bila maendeleo yanayoonekana, na anajua sehemu kubwa ya siku ni kuandika ripoti na kuzungumza na familia. Karani asiifiche benki. Aeleze jinsi alivyojifunza kumsikiliza mzee asiyesikia vizuri dirishani, kuweka siri za watu na kuandika kumbukumbu zisizo na makosa. Hayo ni mambo ya kliniki pia.

Ushahidi huo hupatikana kwa kujitolea. Mwombaji anaweza kuomba ruhusa ya kuhudumu siku za Jumamosi au wakati wa likizo katika shule maalum, au kumtazama mtaalamu akiwa kazini, huku akizingatia faragha ya watoto. Miezi sita ya kufanya hivyo itamwonyesha pia iwapo kweli anaitaka kazi hiyo, kabla hajaandika barua ya kujiuzulu.

Mwalimu wa Kiswahili ana faida

Katika mbio hizi, mwalimu wa Ruiru yuko mbele ya karani kuliko anavyojua. Waliosomea Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu walifundishwa fonetiki, fonolojia na misingi ya isimu. Hayo ndiyo masomo ambayo mgeni wa fani hii hulazimika kuyaanza. Mwalimu huyo aombe maelezo kamili ya masomo aliyosoma, si majina ya kozi tu, ili chuo anachokiomba kione kilichofundishwa ndani yake.

Ana faida nyingine iliyo kubwa zaidi. Vipimo vingi vya usemi vinavyotumika duniani viliundwa kwa ajili ya watoto wanaozungumza Kiingereza, huko Marekani na Uingereza. Mtoto wa Ruiru husikia Kikuyu kwa nyanya yake, Kiswahili kwa jirani, Kiingereza shuleni na Sheng kwenye ploti. Ukimpima kwa Kiingereza pekee, unaweza kumwona mgonjwa ilhali ni mzima, au ukamwona mzima kwa kudhani kwamba wingi wa lugha ndio unaomchelewesha.

Mfano ulio wazi ni wa sauti za l na r. Kikuyu hakina sauti ya l kama ile ya Kiswahili, hivyo si ajabu kumsikia mzungumzaji wake akisema "kurara" badala ya "kulala". Watu humcheka, lakini huo si ugonjwa wala hauhitaji tabibu. Ni athari ya lugha ya kwanza. Mtaalamu aliyesomea ng'ambo bila kuzijua lugha za hapa anaweza kupoteza miezi akitibu lafudhi, na kumwacha mtoto asiyeelewa anachoambiwa katika lugha yoyote ile. Mwalimu wa Kiswahili anaijua tofauti hiyo tangu chuoni. Taifa linapomkosesha njia ya kuingia katika taaluma hii, linatupa maarifa ambayo tayari limekwisha kuyagharimia.

Kwa upande wa pili, lugha hiyo hiyo huwa kizingiti ng'ambo. Uingereza, kwa mfano, imeweka kiwango cha Kiingereza cha wataalamu wa usemi wanaotoka nje kuwa alama 8.0 katika mtihani wa IELTS, bila sehemu yoyote kushuka chini ya 7.5. Ni kiwango cha juu, kwa sababu usemi ndicho chombo cha kazi yenyewe. Anayepanga kufanya kazi huko ajipime mapema.

Hesabu ya nyumbani

Gharama ndiyo inayozima ndoto nyingi, na si karo tu. Kuna ada za maombi, mitihani, viza na nauli, na juu ya yote kuna mshahara unaokosekana kwa miaka miwili au mitatu. Wakenya wengi wamezoea masomo ya jioni na wikendi, utaratibu uliostawi vyuoni tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Watu walisomea sheria na usimamizi wa biashara wakiwa kazini. Tiba ya usemi haiendi hivyo. Wagonjwa wa kliniki na watoto wa shule hupatikana mchana, siku za kazi. Mtu hawezi kukamilisha mamia ya saa za wagonjwa baada ya saa kumi na moja jioni.

Vilevile kuna suala la mkopo wa chama cha akiba. Mkopo huo umedhaminiwa na wafanyakazi wenzake, na malipo hukatwa kwenye mshahara. Akiacha kazi na kushindwa kulipa, wadhamini ndio watakaokatwa. Anayetaka kurudi darasani aumalize mkopo kwanza, au awe na mpango ulioandikwa na kukubaliwa na chama chake. Elimu inayowaachia wenzake deni huanza na laana.

Kisha kuna familia. Tangu Januari 2024, Uingereza haiwaruhusu wanafunzi wengi wa kigeni wa uzamili wa kufundishwa kuandamana na waume, wake au watoto wao. Kwa kijana asiye na familia hilo ni jambo dogo. Kwa karani wetu, maana yake ni kumwacha mtoto asiyesema Thika ili aende kujifunza namna ya kuwasaidia watoto wasiosema. Ni uamuzi ambao familia nzima inafaa kuufanya mezani.

Mwalimu aliyeajiriwa na TSC aulize mapema kuhusu likizo ya masomo na masharti yake, na iwapo kozi anayoitaka imo miongoni mwa zinazokubaliwa. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) imewahi kuwa na mikopo ya wafanyakazi wanaojiendeleza, lakini mwenye deni la shahada ya kwanza atarajie kuulizwa kuhusu deni hilo kwanza.

Wajibu wa serikali na kaunti

Si haki, hata hivyo, kuubebesha mzigo huu wote mtu mmoja mmoja. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Braille au njia nyingine za mawasiliano zinazomfaa. Haki hiyo haina uzito pasipo watu wa kumsaidia mtoto kuipata njia inayomfaa.

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, ajira za hospitali nyingi za umma ziko mikononi mwa kaunti. Kaunti ya Kiambu inaweza kutenga nafasi za tiba ya usemi katika hospitali zake na kuwafadhili wakazi wachache kusomea taaluma hiyo kwa mkataba wa kurudi kuhudumu kwa miaka kadhaa. Mtu mzima mwenye familia na shamba Gatundu au ploti Kihunguro ana sababu nyingi za kurejea kuliko kijana anayeondoka akiwa hana anachokiacha. Hiyo ndiyo hoja kubwa ya kuwapendelea wanaobadili taaluma, na haijasikika vya kutosha.

Vyuo vikuu navyo vinafaa kutazama mfano wa Ghana. Vikiunganisha idara za isimu, udaktari na elimu maalum, vinaweza kuwa na uzamili wa miaka miwili wenye saa halisi za kliniki, unaowapokea wahitimu wa fani nyingine. Tatizo litakuwa wasimamizi, kwa maana wataalamu waliopo ni wachache na wamelemewa. Ndiyo maana kundi la kwanza linafaa kuwa dogo, watu kumi au kumi na wawili, badala ya mamia wanaolipa karo na kukosa wa kuwasimamia.

Lipi la kufanya leo?

Kwa mwalimu wa Ruiru, ushauri ni kwamba ajaribu. Ana msingi wa isimu, anaijua hali ya watoto, na ana lugha. Aanze na somo moja la anatomia na kujitolea kwa miezi sita, kisha atume maombi. Akiona kwamba kinachomvuta hasa ni darasa, si kliniki, basi stashahada ya elimu maalum itamtosha na shule itanufaika.

Kwa karani wa Thika, hesabu ni ngumu zaidi. Mwaka mmoja wa maandalizi, mwaka wa masomo ya msingi, miwili ya uzamili na karibu mmoja wa kazi chini ya uangalizi: jumla ni miaka mitano. Mwanawe atakuwa na miaka tisa. Ikiwa anaisomea tiba hii ili amtibu mtoto wake mwenyewe, atakuwa amechelewa. Mtoto huyo anahitaji kupimwa masikio mwezi huu na kuonwa na mtaalamu mapema iwezekanavyo, hata kama ni kwa safari za matatu hadi Nairobi, na mama afundishwe la kufanya nyumbani kati ya safari moja na nyingine.

Baada ya hapo, ikiwa bado anataka kuacha dirisha la benki kwa ajili ya watoto wa wengine, njia ipo. Ni ndefu, ina gharama, na inamtaka asome kila fomu mara mbili kabla ya kutia saini. Watakaoivuka wakarudi ndio watakaowawezesha wazazi wa Makongeni na Kihunguro kuwapeleka watoto wao kliniki iliyo karibu.